Unasoma vet? Usiruke patholojia

Haya wadogo zangu mnaosoma udaktari wa mifugo SUA, Kabete na Makerere, hii ni yenu, maana inbox imejaa swali moja tu, nikimaliza BVM, yaani digrii ya udaktari wa mifugo, nifungue kliniki ya mbwa au niombe kazi halmashauri. Mimi nawaambia kuna patholojia na hamuiangalii kabisa.

Mpatholojia ndo anayejibu mnyama kafa na nini. Anapasua mzoga, anakata vipande vya ini, mapafu, ubongo, vinaingia kwenye fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, maabara wanavitengenezea slaidi, halafu anakaa na maikroskopu mpaka ugonjwa ujitaje. Kuna na wenzetu wa patholojia ya klinika, wao ni damu, mkojo na seli za uvimbe, mizoga hawaigusi sana.

Sasa sikilizeni hii ya New York, 1999. Watu wanaugua ubongo, wakubwa wa afya wakasema ni ensefalaitisi ya St. Louis, ugonjwa wa ubongo wa virusi vinavyoenezwa na mbu. Huku kunguru wanadondoka mitaani, na pale Bronx Zoo, bustani ya wanyama, mpatholojia wao Dkt. Tracey McNamara anapasua ndege wake, wakiwemo heroe, anakuta ubongo umeharibika vibaya. Akajiuliza, mbona St. Louis haiui ndege hivi? Akang'ang'ana, sampuli zikaenda maabara hii na ile, kumbe ni virusi vya West Nile, ambavyo viligunduliwa kwa mara ya kwanza hapo hapo Uganda 1937! Mimi hiyo stori hainiishi, kwa sababu jibu la wagonjwa hospitalini lilikuwa kwenye meza ya mizoga.

Na kwetu je? Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua watu Kenya na Tanzania, na mifugo ndo ilikuwa inatupa mimba na kufa. Mbuzi wakifa boma zima tunakula tu nyama, hakuna aliyeangalia ini, na ndiko homa hii inakoharibu. Inaniuma sana hii.

Njia ya huku Marekani, ukishakuwa vet unafanya residensi, yaani mafunzo ya ubingwa, mara nyingi miaka mitatu, unalipwa kidogo, halafu mtihani wa bodi ya ACVP, chombo cha wapatholojia wa mifugo cha Marekani, ambao ni mgumu kweli. Kuna vyuo vinapokea waliosoma nje, ila soma masharti ya kila chuo.

Harufu utaizoea. Kwa sasa mwombe mwalimu wako ukae naye siku za postimotamu, yaani za kupasua mizoga, na mzoga unaotoka damu puani au mkunduni usiuguse kisu, inaweza kuwa kimeta. Ukishaingia hata mara moja njoo uniambie kwenye komenti umeona nini.