Simbilisi Hajibu Kila Swali

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru walimu walionialika, na nyinyi wazazi mliovuka feri na jua hili la saa nane.

Nimeombwa nizungumzie simbilisi, yaani guinea pig, na wanyama wengine katika utafiti wa tiba. Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza, "Daktari, huo si udhalimu tu?" Kabla sijafungua mdomo, mzee aliye nyuma yake akamjibu: mnyama ni mnyama. Leo wote wawili nitawaudhi kidogo.

Nianze na kifua kikuu, maana tunakijua. Mwaka 1882 Robert Koch alipotangaza kwamba kinaletwa na bakteria, simbilisi walikuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake: aliwadunga bakteria alizozikuza mwenyewe, wakaugua. Lakini ugonjwa unamfikiaje mtu? Kwa vyombo? Kwa makohozi yaliyokauka sakafuni? Au kwa hewa tupu? Ubishi huo uliendelea miaka mingi.

Miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, William Wells, Richard Riley na wenzao walilitafuta jibu kwa namna ambayo hadi leo naistaajabia. Walichukua wodi ya vitanda sita vya wagonjwa wa kifua kikuu, hewa yake wakaivuta kwa mabomba hadi chumba cha juu kilichokuwa na simbilisi wapatao 150. Simbilisi wale hawakuguswa na mgonjwa yeyote wala hawakulia chombo kimoja naye. Walichoshiriki ni pumzi tu. Basi mwezi baada ya mwezi wakawa wanaambukizwa, wachache wachache. Baadaye likaongezwa kundi la pili, ambalo hewa yake ilipitishwa kwanza kwenye miale ya urujuanimno, inayoua bakteria. Kundi hilo likasalimika.

Kwa nini simbilisi? Kwa sababu kifua kikuu humshika upesi mno, hata bakteria chache zinamtosha. Alikuwa kipimo cha hewa chenye mapafu. Leo tukimwambia mama wa Majengo afungue dirisha la chumba wanamolala watu sita, au tukigombana na makanga anayefunga vioo vyote vya matatu, hoja yetu imetoka kwenye mapafu yale.

Namwona mzee wangu anatabasamu. Subiri kwanza, mzee.

Tarehe 25 Mei 1940, Oxford, kundi la Howard Florey liliwadunga panya wanane bakteria hatari, kisha wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipokucha, wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa, na wale wengine wazima. Ulimwengu ukapata dawa. Miaka michache baadaye ikaonekana kwamba penisilini hiyo hiyo humuua simbilisi, maana inafagia bakteria wema wa tumboni mwake, na wabaya wakapata nafasi ya kuzaana. Sasa fikirini kama asubuhi ile vizimbani wangekuwamo simbilisi badala ya panya. Nani angethubutu kumdunga binadamu?

Bahati huangukia upande wa pili pia. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norway walikuwa wakichunguza beriberi, maradhi yaliyowasumbua mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, wakategemea beriberi, wakapata kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Simbilisi, kama sisi, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Panya anaweza. Wangemtumia panya wasingeona kitu.

Basi hilo ndilo langu: mnyama hujibu kwa mwili wake, si kwa mwili wetu. Kabla ya kumtia kizimbani, mtafiti aonyeshe kwa nini mwili huo unaweza kulijibu swali lake. Akishindwa, atakuwa amemtesa kiumbe na bado hana sayansi.

Dawa ya Thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957. Panya walionekana kuistahimili, na wajawazito wakapewa kutuliza kichefuchefu. Ikaondolewa 1961, na watoto zaidi ya 10,000 wamezaliwa na kasoro za viungo. Watetezi wa wanyama huitaja kuonyesha kwamba majaribio hayafai. Mimi naona haitoshi kusema hivyo, kwani haikujaribiwa ipasavyo kwa wanyama wenye mimba. Baadaye, ilipojaribiwa kwa sungura, madhara yalionekana. Walichunguza kidogo mno, na kwa mnyama asiyefaa.

Kijana wangu, zipo njia mbadala, na kila inapopatikana inayotosha, kuendelea na mnyama hakuna udhuru. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921 kwa majaribio ya mbwa, ikawa inatolewa kwa ng'ombe na nguruwe, jambo lililowatia wagonjwa wengi wa Kiislamu wasiwasi. Tangu 1982 tunayo inayotengenezwa na bakteria. Lakini ukiumwa na kifutu shambani leo, dawa utakayotafutiwa kwa kawaida imetoka kwenye damu ya farasi.

Na mzee wangu anaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala kumwacha ajitafutie. Kufuga paka hakukuwa kosa lake. Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo inataka leseni kwa anayefanya majaribio.

Hatimaye lazima zamu ifike kwetu. Malaria kali inayoletwa na vimelea vya falsiparum haimshiki simbilisi wala panya wa kawaida. Ndiyo maana chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilibidi ijaribiwe kwa watoto, wakiwemo wa Kilifi hapa jirani, na wazazi wao walielezwa kwanza, ndipo wakatia sahihi. Simbilisi hana sahihi. Kwa hiyo nyinyi wanafunzi, mkiandika ombi kwa kamati ya maadili, msijaze tu "simbilisi 50" kwa kuwa wenzenu walijaza hivyo. Andikeni kwa nini simbilisi, kwa nini 50 na si 20, maumivu yatatulizwa vipi, na ni lini jaribio litasimamishwa.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na yule mama wa nyuma, kisha kijana wa mlangoni.