Trekta ya bustani ya zamani haiwaki? Anza na cheche, kabureta baadaye

Karibuni tena, watazamaji. Mbele yenu ipo Cub Cadet 100, trekta ndogo ya International Harvester ya Marekani iliyotengenezwa kati ya 1963 na 1965. Injini ni Kohler K241, silinda moja, nguvu za farasi 10. Mimi nalipenda toleo hili kuliko lile la kwanza la 1961, kwa sababu hapa nguvu inakwenda kwenye giaboksi kwa shafti moja kwa moja, wakati lile la kwanza lilitumia mkanda. Kama yako ni Wheel Horse au John Deere 110 ya miaka hiyohiyo, usiondoke. Nyingi kati yake zina injini ya familia hiihii ya Kohler K, na kazi ya leo ni ileile.

Trekta hii haiwaki. Naomba usikimbilie kununua kabureta mpya. Injini iliyolala miaka mingi mara nyingi kwanza hupoteza cheche, na ukianza na kabureta utaifungua mara tatu huku kosa liko kwenye pointi, yaani vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke.

Yale ya haraka: gia nyutro, kabari kwenye magurudumu, petroli ya zamani yote nje ya tangi. Oili angalia. Toa plagi, kisha zungusha injini kwa mkono. Kwa kutazama upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la injini, injini hizi huzunguka kama mshale wa saa. Kwenye Cub Cadet flaiwili iko nyuma, kwa hiyo ukisimama mbele ya trekta na kushika puli, unazungusha kinyume cha saa. Ikigoma, mimina oili ya kulegeza kutu kwenye tundu la plagi uiache ilale usiku mzima, au hata siku kadhaa. Usiifunge kwa kamba ukaivuta na gari. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa zinakatika, na vipande vyake vinakwangua silinda.

Hii yetu inazunguka. Vizuri.

Sasa chukua taa ya majaribio, ile yenye ncha na klipu. Klipu ibane kwenye chuma cha injini. Washa swichi, gusa koili, ile inayokuza umeme wa cheche, upande unaopokea umeme kutoka kwenye swichi. Taa imewaka, basi umeme unafika. Hamia upande wa pili wa koili, ule wenye waya unaokwenda kwenye pointi, na uzungushe injini taratibu. Hapa taa inatakiwa kuwaka pointi zikifunguka na kuzima zikifunga. Ikibaki inawaka muda wote, pointi hazifungi au zina uchafu. Ikibaki imezima muda wote, kuna kitu kinagusa chuma: waya, kondensa (kile kikopo kidogo cha umeme kilichounganishwa na pointi), au pointi zenyewe. Inaweza pia kuwa koili imekatika kwa ndani. Jaribio hili ni la dakika moja na linakuokolea fedha nyingi.

Hii ya kwetu inabaki inawaka. Kwa hiyo pointi.

Zima swichi. Usiache swichi imewashwa pointi zikiwa zimefunga, koili itapata joto bure. Pointi ziko ubavuni mwa injini, chini ya kabureta, ndani ya kikopo kidogo cha bati. Fungua. Kamera sogea hapa. Mnaona huo weusi unaong'aa? Ni oili. Pointi hizi zinasukumwa na kijiti cha chuma kinachotoka kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, na oili hupenya pembeni mwa kijiti hicho. Futa yote. Nyuso za pointi zipitishie msasa laini sana, kisha kipande cha karatasi ngumu safi, uivute mpaka itoke haina alama nyeusi. Hatua ya karatasi usiiruke, maana chembe moja ya msasa ikibaki katikati, cheche hakuna. Zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kijipele upande wa pili, weka mpya na ubadilishe kondensa pamoja nazo.

Sasa nafasi. Zungusha injini mpaka kijiti kisukume pointi zifunguke hadi mwisho. Ingiza fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya milimita 0.5. Legeza skrubu kidogo, sogeza pointi mpaka fila ipite kwa kukwaruza kidogo tu, kisha kaza.

Na ukishakaza, pima tena. Nasisitiza: kaza, pima tena. Skrubu hii inapokaza huburuta bamba la pointi, na ile 0.5 yako inakuwa 0.4 bila wewe kuona. Tazama hapa. Nilipima 0.5, nimekaza, na fila sasa haipiti. Nalegeza, naiacha nafasi iwe kubwa kidogo, nakaza. Napima. Sasa inapita.

Fila ni ya kuanzia tu, mwamuzi wa mwisho ni alama ya flaiwili. Kwenye bamba la beringi upande wa flaiwili, au kwenye ganda la feni kwa matoleo mengine, kuna kitundu cha kuchungulia. Mara nyingi kimeziba kwa nyasi kavu, kisafishe. Kuna alama mbili: T ni pistoni ikiwa juu kabisa, S ni mahali cheche inapotakiwa kutoka, nyuzi 20 kabla ya juu. Paka S chaki nyeupe uione.

Rudisha taa ya majaribio upande wa pointi, washa swichi, zungusha polepole. Taa inatakiwa kuwaka pale S inapofika katikati ya kitundu.

Ngoja. Taa haiwaki kabisa sasa. Mwanzo ilikuwa inawaka muda wote, sasa imezima muda wote. Zima swichi, kamera rudi kwenye pointi. Huyu hapa: waya wa pointi umegeuka nilipokaza, na kichwa chake kinagusa ukuta wa kikopo. Umeme wote unakimbilia kwenye chuma. Ugeuze uelekee katikati, na kabla ya kufunga kifuniko hakikisha hakiubani. Kwa sababu tumeugusa, pima nafasi tena. Bado 0.5. Tuendelee.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: S itapita kitunduni mara mbili, na mara moja kati ya hizo taa haitabadilika. Hakuna kilichoharibika. Kamshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, shafti kuu ya injini, kwa hiyo pointi hufunguka kwa zamu. Weka kidole gumba kwenye tundu la plagi: zamu ambayo hewa inasukuma kidole ndiyo unayoitaka.

Taa ikiwaka kabla ya S kufika, nafasi ni kubwa, ipunguze. Ikichelewa, nafasi ni ndogo, iongeze. Kaza, pima tena. Ukihitaji kutoka nje ya milimita 0.43 hadi 0.58 ili S ikubali, kitu kimelika, na mara nyingi ni kile kijiti au pointi zenyewe. Nafasi ya plagi iweke milimita 0.9, unganisha waya wake, iguse kwenye kichwa cha injini, zungusha kwa starta. Kabla ya hapo ondoa dumu la petroli karibu na trekta! Mnaona cheche? Ya buluu, na mlio wake unasikika. Hiyo ndiyo tunayoitaka.

Sasa kabureta. Hii ni ya asili, na ninawasihi wakusanyaji wenzangu msiitupe. Za kuiga mara nyingi mashimo yake hayalingani sawasawa, na trekta yenye kabureta yake ya kiwandani ina heshima yake. Tikisa shafti ya throto, kile kifuniko cha ndani kinachoongeza na kupunguza mwendo. Ikicheza sana, inavuta hewa pembeni na injini haitatulia kamwe. Hiyo inatengenezwa kwa kuweka bushi, bado si sababu ya kuitupa.

Bakuli linashikwa na skrubu moja chini. Fungua, safisha gundi ya petroli, puliza kila tundu kwa hewa. Waya wa chuma usiingize kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, utaitanua. Boya: geuza kabureta kichwa chini, boya lilale kwa uzito wake. Kati ya uso wa chuma na ncha ya boya iwepo milimita 4.4, yaani inchi 11/64. Keekee ya inchi 11/64 ndiyo kipimo changu, ipitishe hapo upande wa shina lake. Haipiti? Pinda kidogo kile kiulimi cha boya. Boya lenyewe usilikandamize.

Sindano mbili zenye springi: zifunge kwa ncha za vidole mpaka ziguse tu. Ziguse tu! Ukikaza kwa bisibisi, ncha inapata mfereji na kiti chake kinatanuka, na hapo hakuna marekebisho yatakayoshika. Kisha legeza sindano ya mzigo, yaani ya mafuta injini ikifanya kazi, mizunguko 2, na ile ya mwendo wa chini mzunguko mmoja na robo.

Gasketi, nati mbili, bomba la mafuta, petroli mpya. Funga choki, washa.

Isikilizeni! Iache ipate joto kabla ya kugusa sindano. Kisha ongeza mwendo, funga ya mzigo polepole mpaka injini ianze kulegea, hapo mafuta ni machache. Kumbuka mahali hapo. Fungua mpaka ilegee tena na moshi uwe mweusi, hapo yamezidi. Iweke katikati, ukielemea kidogo upande wa mafuta mengi. Injini hii hupozwa kwa hewa, na mafuta yakiwa machache vali ya ekzosi huungua. Ya mwendo wa chini fanya vivyo hivyo injini ikiwa imetulia.

Ukimaliza kwa leo, usizime kwa swichi. Funga koki ya tangi, iache iendelee mpaka ife yenyewe, bakuli libaki kavu, ndipo uzime swichi.