Pindo limemeza mji: Agosti inakuja Edinburgh

Haya jamani sauti inasikika? Upepo leo umeamka vibaya, simu nimeishika mkono mmoja, mkono mwingine una mfuko wa sokoni, kwa hiyo picha ikicheza cheza mnivumilie tu. Hamjambo nyote, shikamooni wakubwa zangu, mama shikamoo najua unaangalia na miwani umeisahau chumbani. Wana Tanga wenzangu wa Ngamiani mpo? Haya.

Sasa wiki hii kwenye komenti swali limekuwa moja tu, dada mbona unasema Agosti Agosti, hiyo Agosti ya huko ina nini? Nikasema ngoja, nina saa moja na kidogo kabla shifti haijaanza, niwatembeze kwa mguu niwaonyeshe kabla watu hawajajaa, maana wakishajaa hapa hata pa kusimama na simu hupati.

Huu mji mnaouona nyuma yangu, Edinburgh ya Scotland, una watu kama laki tano hivi, yaani si mji mkubwa, Tanga yetu haijaachwa mbali hivyo. Lakini ikifika Ijumaa ya kwanza ya Agosti mpaka Jumatatu ya mwisho, hapa panakuwa na shoo zaidi ya elfu tatu. Sio watu elfu tatu, SHOO elfu tatu, muziki, maigizo, wachekeshaji, mazingaombwe, sarakasi, mtu na baiskeli yake, mtu na mdoli wake anaongea naye. Mwaka 2024 waliuza tiketi zaidi ya milioni 2 na nusu kwenye hilo tamasha moja tu, la Fringe. Na Fringe ni moja kati ya matamasha kama sita yanayokanyagana mwezi huo huo, lile la jazz lenyewe limeshatangulia Julai hii hii.

Nivuke kwanza, kuna basi linakuja.

Haya. Niwaeleze hilo neno Fringe kwa lugha ya kwetu, maana mimi nilikaa hapa miaka miwili nalisikia tu kama jina la dawa. Fringe ni pindo. Pindo la nguo. Chukua khanga yako hapo ulipo, ina pindo pembeni na mji katikati, si ndiyo? Mwaka 1947 vita vimeisha, Ulaya imechoka, watu hapa wakaanzisha tamasha kubwa la heshima, okestra, opera, waalikwa wa maana, ndiyo Edinburgh International Festival, huo ndio mji wa khanga. Basi kukatokea vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa na mtu yeyote, vikaja tu, vikatafuta vijukwaa vyao pembeni vikaanza kuigiza. Mwaka uliofuata mwandishi mmoja anaitwa Robert Kemp ndio akaandika kwamba kuna mambo yanaendelea kwenye pindo la tamasha, jina likakaa mpaka leo.

Na sasa hivi pindo limemeza mji! Ukimuuliza mtu wa kawaida barabarani anaenda wapi Agosti atakwambia Fringe. Mimi hiyo ndiyo inanifurahisha kuliko yote, wale wasioalikwa ndio wenye sherehe. Na bado hakuna anayekuchagua, hakuna kamati inayosema wewe unafaa wewe hufai, ukipata chumba na ukajiandikisha, unapanda.

Ila msichukulie kwamba ni bure kwao. Hapo ndipo watu wa nyumbani mnaponibishia. Mnadhani msanii akipanda jukwaani analipwa. Hapa wengi WANALIPA wao. Analipia kujiandikisha mamia ya paundi, analipia chumba cha shoo, na kubwa kuliko yote analipia pa kulala, maana Agosti kodi inapanda mpaka unajiuliza hii nyumba ina dhahabu chini? Mimi naijua hiyo kwa sababu ndiyo inayonipa mkate, nasafisha zile fleti za kukodisha kwa siku, wapangaji wanahama mwezi mzima wenye nyumba wanawapangisha wasanii. Mwaka jana nimebadilisha mashuka ya kitanda kimoja nikakuta sakafuni magodoro matano ya upepo, fleti ya watu wawili wamelala vijana saba, na ukutani wamebandika karatasi, usiku wa kwanza watazamaji 9, wa pili 4, wa tatu 11 wamechora na jua linacheka. Nikasimama na ufagio wangu nikaisoma yote. Nikatoka sijaigusa.

Sasa hapa nilipofika ni George Square. Tulieni kidogo, hapa nataka heshima. Hii bustani Agosti inajaa mahema ya shoo na vibanda vya vinywaji, foleni ya wachekeshaji inazunguka mpaka kule kwenye ile kona. Na hapo hapo uwanjani kwenye jengo la chuo kuna kibao cha kumbukumbu ya Mwalimu. Mwalimu Nyerere ndiyo! Alifika Edinburgh kusoma mwaka 1949, tamasha lenyewe lilikuwa na miaka miwili tu, akaondoka na digrii yake 1952. Yule yule aliyekuja kutuwekea Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia mbili, huku ana nchi ya kuongoza. Kila mwaka mimi nikipita hapa nakuta kijana amekaa kwenye ngazi anakula chipsi huku anasubiri shoo ya mazingaombwe, natamani nimwambie, wewe, jua umekaa kwa nani.

Twende, twende, tukate hapa Chambers Street. Hili jengo kubwa ni makumbusho ya taifa, kuingia bure mwaka mzima, siku ya mvua ndio kimbilio, na mvua msiiulize. Agosti ya hapa sio kiangazi mnachokiona kwenye picha, ni jua dakika kumi, manyunyu dakika ishirini, upepo unakugeuzia mwavuli ukawa bakuli. Lete koti lenye kofia. Mwavuli acha nyumbani.

Kuna dada wa Mombasa kaniuliza kuhusu sinema. Tamasha la filamu lipo na lenyewe lilizaliwa mwaka ule ule wa 1947. Mwaka 2022 lilipata pigo baya, taasisi iliyokuwa inaliendesha ilifilisika, na ile sinema yao ya Filmhouse pale Lothian Road ikafungwa kufuli. Watu walilia kweli, si utani, wakachangishana wakahangaika mpaka Juni 2025 ikafunguliwa tena. Vitabu navyo wana tamasha lao tangu 1983, siku hizi linafanyika kwenye jengo lililokuwa hospitali kuu zamani, sasa ni la chuo kikuu. Ukipenda maandishi nenda hata kukaa tu uani, watu wanasoma, kahawa ipo. Lile la wakubwa, la International, kiongozi wake sasa ni Nicola Benedetti mpiga fidla, Mskoti wa kwanza na mwanamke wa kwanza kulishika tangu lianze. Okestra zinapiga Usher Hall, ukumbi wa tangu 1914, wa mviringo, kikohozi chako juu kabisa kinasikika mpaka kwa mpiga ngoma. Nimejaribu.

Na Tattoo. Kila mtu anauliza Tattoo. Sio kuchora mwili jamani! Ni gwaride la jeshi pale uwanjani mbele ya ngome, zumari za Kiskoti, ngoma, bendi za nchi mbalimbali, tangu 1950. Ni zuri sikatai, lakini tiketi yake mimi nalipia umeme mwezi. Ninachofanya, usiku linapokwisha wanarusha fataki juu ya ngome, na fataki hazina tiketi. Simama Princes Street na chipsi zako, umeona, nenda kalale.

Sasa bajeti. Kalamu mnazo? Shoo nyingi za kulipia zinacheza kwenye paundi kumi mpaka ishirini, ukichukua nne kwa siku umekwisha. Siku za mwanzo kabisa, kabla kina waandishi hawajaja, zinakuwa nafuu, wanaita za majaribio, na Jumatatu na Jumanne ya kwanza kawaida kuna ofa ya tiketi mbili kwa bei ya moja, mtafute mwenzio mchangiane. Watoto na vijana chini ya miaka 22 wanaoishi Scotland wanapanda basi bure wakiwa na kadi, kwa hiyo nauli tumeua. Halafu kuna Free Fringe, hii ndiyo ya kwangu. Alianzisha bwana Peter Buckley Hill mwaka 1996 kwa kukasirika na hizo hizo gharama, shoo zinakuwa vyumba vya nyuma vya baa, unaingia bila kulipa, mwisho msanii anasimama mlangoni na ndoo. Ndoo kabisa ya kudekia. Unatia ulichoridhika.

Na kitu kimoja cha muda. Hapa shoo ya saa moja inachukua saa moja kweli, kwa sababu kile chumba kina watu kumi kwa siku, wewe ukitoka mwingine ana robo saa aingize meza yake na taa zake. Ukichelewa dakika mbili hauingii, hata ulie. Hakuna ile ya kwetu shughuli saa nane watu wanaanza kuoga saa tisa. Na tiketi ikiandikwa 19:30 ni saa moja na nusu usiku, msije mkanisumbua, shangazi yangu alikuja mwaka ule, tukamwambia kwa Kiingereza ni seven thirty, akashika saba akatoka nyumbani saa saba mchana, akakaa nje masaa sita na nusu. Alivyo mkali tukasema shoo ndiyo imechelewa.

Hiyo barabara mnayoiona inateremka ndiyo High Street. Leo tulivu. Wiki ijayo magari marufuku, hapa kila hatua mtu anakupa kipeperushi, mwenyewe msanii, kalowa, kajipaka rangi usoni inachuruzika. Mkivipokea viangalieni kwa karibu, kuna kajikaratasi kameshikizwa na pini ya stepla, nyota nne, nyota tano. Akisifiwa gazetini asubuhi anakesha anabana nyota moja moja kwenye vipeperushi elfu. Mimi siku hizi nawapokea wote. Zamani nilikuwa nakwepa kama nakwepa mgambo.

Sasa niwape kisa changu ndipo nikimbie. Mwaka juzi nimetoka shifti nimechoka, nikaingia baa moja huku chini Cowgate, chumba cha chini ya ardhi, ukuta wa mawe unatoa jasho, watazamaji sita pamoja na mimi. Kwenye jukwaa kuna dada ametoka Wales, ana kodiani. Kodiani jamani! Alipolivuta tu mimi nikawa nipo Tanga, nipo kwenye taarab naona na mashangazi wamefunga khanga. Lugha anayoimba siijui, ila sauti ilivyokuwa inalalamika ilinipata hapa. Sasa nyie mnanijua, nikiguswa natunza. Nikasimama, noti ya paundi tano vidoleni, nikaanza kwenda mbele polepole, bega hili, bega hili, jicho nimefumba nusu.

Muziki ukakata. Dada ananiangalia, chumba kizima kinaniangalia. Akaniambia kwa upole kabisa, choo ni mlango ule wa kushoto.

Nilicheka mpaka nikakaa. Nikamweleza, kwetu hatusubiri ndoo ya mlangoni, wimbo ukikukuna unainuka hapo hapo unampa mwimbaji huku anaimba, na anayeimba anajua mstari gani umemuingia nani. Akanyamaza kidogo. Akasema, basi rudi ulikotoka uanze upya, akavuta kodiani. Nikaanza upya mimi! Bega hili, bega hili, nikamkabidhi tano yake. Nageuka nyuma yangu, kuna mzee wa Kiskoti mwenye ndevu nyeupe anakuja na sarafu juu juu, anacheza kama amekanyaga kaa la moto, lakini anakuja.

Kuna waliouliza kama msanii wa kwetu anaweza kuja. Kwa sheria za Uingereza Fringe imo kwenye orodha ya matamasha ambayo unaweza kutumbuiza hata kulipwa kwa viza ya mgeni ya kawaida, bila kibali cha kazi. Kuipata hiyo viza ndiyo kazi. Mwaka 2018 hata hao wa tamasha la vitabu walilalamika hadharani kwamba waandishi wao kama kumi na wawili walisumbuliwa sana viza, wengi wametoka Afrika na Mashariki ya Kati, watu wamealikwa, wana barua. Kwa hiyo ukitaka ya mwakani anza sasa hivi, mwaliko, benki, kila kitu, na usikate tiketi ya ndege kwanza.

Ehee, hiki kimlango ndicho. Baa yenyewe hii, mnaona? Bado wamefunga. Ngoja nichungulie... wanashusha viti. Vya plastiki, vyeupe kama vya kwetu vya shughuli. Kumi na nane, kumi na tisa... kaka anacheka ananiuliza nataka nini. Nimemwambia nahesabu.

Ishirini na nne. Mwaka juzi vilikuwa ishirini. Haya basi langu lile linakuja, mama nitakupigia usiku wa kwenu, wengine tuonane tarehe moja, nitaingia laivu nikiwa ndani.