Nimechukua Punda wa Nani?

Mhadhara kwa viongozi wapya wa vikundi vya vijana, vya akina mama na vyama vya mtaa, Makadara, Nairobi

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Na kwa wale mliokuja kwa ajili ya chai, chai ipo, ila imepangwa baada yangu, kwa hiyo nivumilieni.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu: kukua katika uongozi kwa imani, kwa tabia na kwa kuwatia wengine moyo. Mada ya namna hii ina hatari yake. Mtu anaweza kusimama hapa saa nzima akihubiri maono na upako, mkapiga makofi, mkarudi nyumbani, na mwezi ukiisha hesabu za kikundi ziwe bado zimefungiwa kwenye simu ya mtu mmoja. Mimi nitaanzia kwenye hizo hesabu. Nikimaliza mkiona sijagusa imani, mtaniambia.

Tuchukue kamati ya mazishi. Nani hapa hajawahi kujikuta ndani ya grupu ya WhatsApp ya mazishi bila kuulizwa? Jirani amefiwa, mwili unasafirishwa Siaya Alhamisi, bajeti imewekwa, na kila jioni mweka hazina anatuma orodha: nambari moja Mama Fulani 500, nambari mbili Baba Fulani 1,000, nambari tatu rafiki wa familia 200, Mungu awabariki, tuendelee. Sasa hapo pana jambo dogo ambalo kila mweka hazina wa Nairobi analijua. Watu hutuma bila kuongeza gharama ya kutoa. Orodha inasema elfu arobaini, lakini ukifika kwa ajenti, zinazoingia mkononi hazifiki elfu arobaini. Zimepungua mia kadhaa.

Mia hizo kadhaa zitakuonyesha mtu. Kuna mweka hazina atakayejazia kutoka mfukoni mwake, asimwambie yeyote. Kuna atakayeandika kwenye orodha ileile, "gharama ya kutoa ni kiasi hiki," akaambatisha picha ya ujumbe wa M-Pesa. Na kuna wa tatu, ambaye atagundua kwamba kama hakuna aliyeuliza habari ya zile mia, hakuna atakayeuliza habari ya elfu tatu za mafuta ya gari.

Wa tatu tumwache, mnamjua. Nataka tuwaangalie hao wawili wa kwanza, maana wengi wenu mmeshaamua moyoni kwamba yule anayejazia kimyakimya ndiye mcha Mungu zaidi. Ana moyo mzuri, simpunguzii. Lakini mimi nikipiga kura nampigia wa pili. Wa kwanza ametufanya tuishi kwa wema wake, na siku akihamia Kitengela tutabaki hatujui hata cha kumuuliza atakayemrithi. Wa pili ametuzoeza kusoma hesabu. Ametufanya sisi wanachama kuwa watu wagumu kuibiwa, na hapo tayari ameongoza, hata kama hajawahi kushika kipaza sauti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali bila mtu mwema.

Twende kwenye Maandiko, nisije nikaitwa mhasibu.

Samueli amezeeka. Ameamua Israeli maisha yake yote, na sasa watu wanataka mfalme na mfalme amepatikana. Ukisoma Samueli wa Kwanza sura ya 12 utamkuta amesimama mbele ya taifa zima kwa ajili ya kuaga. Wewe ungesema nini? Sisi tungehesabu miradi. Tungetaja barabara, tungeshukuru familia kwa uvumilivu. Samueli anasimama na kuuliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Nimechukua punda wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa mkono wa nani? Semeni, nami nitarudisha. Tena anauliza mfalme mpya akiwa pale pale anasikia. Watu wanajibu kwamba hajachukua kitu.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Samueli mtoto, yule anayeitwa usiku na kujibu, "Mimi hapa." Mahubiri juu ya Samueli mzee na punda wake ni machache, na sababu mnaikisia. Yule mtoto hatudai chochote. Huyu mzee anatuambia imani ya kiongozi ipelekwe mbele ya watu wenye ng'ombe wao, wenye punda wao, iulizwe. Mungu alikuwa anajua mikono yake ni safi. Hata hivyo hakuona kwamba inatosha Mungu peke yake kujua.

Ndugu zetu Waislamu hili halitawashangaza. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Na iko hadithi sahihi ya Mtume, mnayoisikia sana, kwamba kila mmoja ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Ataulizwa. Kuulizwa kumo ndani ya kazi tangu siku ya kwanza.

Lakini habari ya Samueli ina upande wa pili, na siwezi kuuruka. Sura ya 8 inatuambia aliwaweka wanawe wawili, Yoeli na Abiya, wawe waamuzi kule Beer-sheba. Wakala rushwa. Wakapotosha hukumu. Ndiyo maana wazee walimjia wakitaka mfalme. Mtu ambaye hakugusa punda wa mtu, nyumbani kwake walitoka wala rushwa wawili, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapa cheo.

Biblia haituelezi kilichoharibika. Mimi nina maoni yangu, nayo ni maoni tu: usafi wa Samueli ulikaa kwa Samueli. Aliaminiwa mno. Alipokuwa akizunguka Betheli, Gilgali na Mispa kuamua watu, hapakuwa na haja ya mtu kumkagua, kwa sababu ni Samueli. Wanawe wakarithi kiti kisichokaguliwa bila kurithi moyo wake. Angalieni vyama vyetu muone kama hamtambui jambo hilo. Mwanzilishi alikuwa mtu wa maombi, daftari lilikuwa kichwani mwake, na hakuna senti iliyopotea. Akaja wa pili.

Sasa tuje hapa kwetu, maana Nairobi imeliona jambo hili kwa macho yake.

Vijana hamkuwako, lakini miaka ya themanini kulikuwa na wakati ambapo sauti iliyobaki ikisema wazi katika nchi hii ilitoka madhabahuni. Mwaka 1988 chama kilichotawala kilipofanya uteuzi kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya wagombea hadharani, maaskofu kama David Gitari na Henry Okullu walisema ni dhuluma. Mwaka 1989 nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku, akapanda juu ya paa akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa na waziri kwamba asikanyage Busia. Akaenda Busia. Akafa katika ajali ya barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti 1990. Mchungaji Timothy Njoya alipigwa na polisi ndani ya All Saints Cathedral mwaka 1997, na miaka miwili baadaye akapigwa tena nje ya Bunge.

Huwa tunasema walikuwa majasiri, na walikuwa. Ila ujasiri peke yake haufiki mbali katika nchi ambayo kila mtu ana faili lake mahali fulani. Ukimkemea mkubwa huku ulishapokea bahasha yake, yeye hahitaji polisi. Anahitaji kukutazama tu.

Na hilo likatokea. Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyomwagika, Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoka Februari 2008 likakiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, na kwa hiyo hawakuweza kuikabili hali ile inavyopasa. Lile tamko lilihitaji moyo kuliandika. Lakini fikirini gharama yake: siku nchi ilipomhitaji mtu wa kusimama katikati, waliozoea kusimama pale walikuwa wameshakaa pembeni na watu wao.

Tena Novemba 2024. Rais William Ruto alihudhuria ibada Parokia ya Soweto, Kayole, hapo tu mbele ya Umoja, akatoa mchango kwa kwaya na kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre, akaahidi na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi akatangaza kwamba michango hiyo inarudishwa na ahadi zile zimekataliwa, kwa sababu kanisa lisitumike kwa siasa.

Magazeti yalikaa siku kadhaa juu ya Rais na Askofu Mkuu. Mimi niliwafikiria wanakwaya. Jumapili wameimba, wametajiwa pesa, pengine mtu ameshapiga hesabu ya sare mpya. Jumatatu wanaambiwa zinarudi. Nauliza, nani alikwenda kuzungumza nao? Uamuzi ule naukubali, tena asilimia mia. Lakini ulishuka kutoka juu, na tabia inayoshuka kutoka juu hudumu kadiri aliye juu anavyodumu. Ningependa kuona siku ambapo kwaya yenyewe, kabla askofu hajapata habari, inamwambia mgeni: mheshimiwa, asante, karibu uimbe nasi, ila bahasha hapana.

Wengine mtaniambia, mzee, hayo ni ya wakubwa, sisi tuna kikundi cha watu ishirini na tanki moja la maji. Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita, ya uongozi na maadili. Ibara ya 73 inasema mamlaka ya ofisa wa serikali ni amana, na kwamba anapewa jukumu la kuhudumu badala ya uwezo wa kutawala. Ibara ya 76 inasema zawadi aliyopewa kwenye shughuli rasmi ni ya Jamhuri. Sura nzuri. Tunalalamika kila mwaka kwamba haifuatwi. Wale wasioifuata walianzia wapi uongozi? Wengi walianzia kwenye vikundi vya watu ishirini.

Nimebakiza sehemu ya kuwatia wengine moyo, na hapa sitaki kwenda mbali, nitakwenda Kamukunji.

Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walifanya maandamano kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kila mti kwa jina la shujaa mmoja. Ndio mwanzo wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Miti ile mingi haikudumu. Mnalijua jambo hili, kila mgeni wa heshima hupanda mti, akapigwa picha, na ng'ombe wakaja jioni.

Sasa sikilizeni alivyofanya baadaye. Wanawake wa vijijini walipotaka kuotesha miche, wataalamu wa misitu walisema kazi ile ni ya wenye diploma. Yeye akawaambia wanawake watumie mbegu za kwao na akili ileile wanayotumia kwa maharagwe. Akawaita wanamisitu wasio na diploma. Na malipo yao, senti chache kwa kila mche, hayakutolewa kwa kuupanda. Yalitolewa mche ukishashika, ukiwa hai. Ina maana lazima mtu arudi kuuangalia. Ina maana mwanamke wa kijiji alikuwa na daftari, anahesabu iliyo hai na iliyokufa, na anasema ukweli juu ya yote miwili.

Watu hukumbuka tuzo ya Nobel ya 2004. Mimi hulikumbuka lile daftari. Wanawake waliozoea kuambiwa "wewe hujui" walianza kuwa na takwimu zao wenyewe, na mtu mwenye takwimu zake haogopi sana ofisi. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi Uhuru Park wakifunga kula, Wangari aliketi nao. Polisi wakawapiga na kuwatawanya, nao wakaenda All Saints Cathedral na kukaa huko karibu mwaka mzima. Wengi wa watoto wao waliachiliwa mwaka 1993. Hotuba haiwezi kumkalisha mama mzee mahali pa baridi mwaka mzima. Walikaa kwa sababu jambo lilikuwa lao.

Nilikuwa nimeandika na sehemu juu ya maombi ya kiongozi, lakini naona saa, na pasta atalizungumzia vizuri kuliko mimi.

Kazi moja tu. Kabla ya mkutano wenu wa kwanza, kila kikundi kichague watu wawili wasio kwenye kamati, wasio ndugu wa mwenyekiti, na ikiwezekana mmoja wao awe yule anayewasumbua kwa maswali. Wapeni haki ya kuona taarifa ya M-Pesa, kitabu cha risiti na kumbukumbu za mikutano kila baada ya miezi mitatu, na wasome matokeo mbele ya wote, mwenyekiti akiwa ameketi anasikiliza. Iandikwe kwenye katiba ya kikundi, ili hata akija mtu mtakatifu kuliko wewe, naye akaguliwe.

Maswali sasa. Naomba viongozi mkae kwanza, la kwanza litoke kwa mwanachama wa kawaida. Haya, mama wa pale nyuma mwenye leso ya kijani, umeinua mkono tangu nimtaje yule mweka hazina wa tatu.