Bahari Inavyoonekana Kutoka Ugogo

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mliokaa nyuma sogeeni mbele, projekta yetu hii imeshazeeka.

Leo nazungumzia bahari katika sanaa, kama tunavyoiona sisi wa huku Ugogo, Dodoma. Nianze na hoteli ninayokula mchana hapa mjini. Ukutani pamechorwa jahazi: mnazi, jua linazama, tanga limejaa upepo kuelekea kulia. Bendera juu ya mlingoti inapepea kushoto! Nikamwuliza mwenye hoteli, kwani siku hizi bendera haifuati upepo? Akanijibu, "Mwalimu, upepo wa Dodoma ni wa vumbi. Kula, wali unapoa."

Jahazi lile lina ndugu wengi kule pwani. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora zaidi wanyama na ndege, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Waliomfuata wakaongeza majahazi na minazi, maana mgeni anapenda kuondoka na ufuo ndani ya begi. Siwalaumu, karo zinalipwa. Lakini hiyo ni bahari ya mtu aliyekuja kupumzika. Hainuki samaki, wala humwoni mtu anayesukuma ngalawa maji yakiwa yamekupwa.

Sasa tazameni hii. Hiroshi Sugimoto, Mjapani, alianza kupiga picha za namna hii mwaka 1980, nyeusi na nyeupe. Nusu anga, nusu maji, mstari katikati, basi. Chombo hakuna, ndege hakuna, pwani hakuna. Alikuwa anajiuliza kama mtu wa leo anaweza kuona kitu vilevile kama alivyokiona binadamu wa kale. Mimi nilipoiona mara ya kwanza sikuwaza maji hata kidogo. Niliiwaza Bahi mwezi wa kumi, nchi imekauka, macho yanakwenda mpaka yanachoka. Mstari ule tumekua nao.

Vija Celmins, mzaliwa wa Latvia anayeishi Marekani, yeye kaufuta hata mstari. Kwa penseli tu, karatasi nzima ni viwimbi, huoni mwanzo wala mwisho. Huyo nampita haraka, nina hamu ya kufika kwa huyu mama.

Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa kule Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Sasa huyo Turner mwenyewe, mchoraji wa Kiingereza, mwaka 1840 alichora meli ya watumwa: mawingu yanawaka kama moto, na chini pembeni mguu wenye pingu unazama. Himid naye ana michoro kuhusu Le Rodeur, meli ya Wafaransa ya mwaka 1819. Humo ugonjwa wa macho ulienea, na mateka waliopofuka wakatupwa majini. Ila yeye hachori maiti. Anachora watu waliovaa nguo za rangi kali, wamesimama chumbani kama wanaosubiri jambo, na nje bahari imetulia. Nimeutazama sana mchoro mmoja wa hiyo. Utulivu wa yale maji ndio unaotisha. Mguu wa Turner unakuambia kilichotokea. Himid anakuacha usimame chumbani na wale watu, ubaki unajiuliza.

Mtasema hayo ni ya Atlantiki, sisi yanatuhusu nini. Misafara ya karne ya 19 kutoka Ujiji na Tabora ilikatiza hapahapa Ugogo, ikatozwa hongo, yaani ushuru wa njia, na watemi wetu, ikapita Mpwapwa, ikashuka Bagamoyo. Wapagazi na mateka. Wengi wao hawakuwa wameiona bahari maishani.

Basi wanafunzi wa sanaa, nichoreeni mmoja wao. Bega limechubuka kwa pembe ya ndovu, miguu ina vumbi la kwetu, anatokeza mahali minazi inapoishia. Sitaki kuuona ufuo, nataka anachokiona yeye. Na kama mtaweka bendera, tafadhali, iulizeni upepo kwanza.

Haya, maswali. Mkono ule kule nyuma.