Masultani Walioshukia Dar es Salaam

Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Nisiwacheleweshe, maana najua wengine mnawahi mwendokasi kabla foleni haijavimba.

Ukishuka boti ya Zanzibar pale mjini na kutokea barabara ya Sokoine, utaliona Boma la Kale: kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi. Wengi tunalipita tukikimbilia daladala. Lilijengwa miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said alipoamua kujenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Kwa hiyo mji huu tunaojidai nao ulianza kama mradi wa sultani. Swali langu la jioni hii ni je, sultani mwenyewe kiti chake kilishikwa na mkono wa nani?

Baba yake, Seyyid Said, alifariki mwaka 1856. Mwanawe Thuwaini akabaki na Omani, Majid na Zanzibar. Mwaka 1859 Thuwaini akatuma merikebu zije kumng'oa mdogo wake, Waingereza wakazirudisha njiani. Mwaka huohuo ndugu mwingine, Barghash, akaasi palepale kisiwani. Wanamaji wa Kiingereza wakasaidia kumzima, akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza kule India, akakata shauri: Omani na Zanzibar zitengane, na Zanzibar iilipe Omani riale 40,000 kila mwaka. Hebu tafakarini. Mirathi ya familia ya Muscat na Unguja imeamuliwa na Mwingereza aliyekaa India! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, ila Majid aliivaa na ikamkaa vizuri tu. Alifariki mwaka 1870 mji wake huu haujakamilika, na Barghash yuleyule wa Bombay akaketi kitini.

Ya Wajerumani nayapitisha haraka. Mwaka 1885 manowari zao zilisimama mbele ya kasri la Barghash. Mwaka uliofuata mataifa ya Ulaya yakapima ardhi yake bara, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1890 sehemu ya ukanda huo, na Dar es Salaam ikiwemo, ikaenda kwa Wajerumani kwa mark milioni 4, na Zanzibar yenyewe ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Neno hilo, ulinzi, lisikilizeni vizuri. Mlinzi sasa alikuwa na sauti ya kusema nani awe sultani.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad akafariki ghafla. Khalid, mwana wa Barghash, hakusubiri ruhusa ya mtu. Aliingia kasri, akapandisha bendera. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Hakuondoka. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikalia. Kasri lilikuwa na mbao nyingi, likawaka. Meli ya sultani, Glasgow, ikajaribu kujibu, ikazama palepale bandarini. Haikutimia saa 4 kimya kilikuwa kimerudi. Nyie wa Simba na Yanga mnajua, kipindi kimoja ni dakika 45, na vita ile haikufika mapumziko. Mnacheka, lakini watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Nje walinzi wa Kiingereza wanamngoja: akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar, wanaye. Kwa zaidi ya mwezi mzima hali ni hiyo. Mpaka tarehe 2 Oktoba, bamvua imejaa, maji yamepanda hadi kwenye bustani ya ubalozi. Mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikaja mpaka mlangoni, Khalid akapanda humohumo kutoka uani. Ardhi ya Zanzibar hakuikanyaga! Mwanasheria wa leo angempa tano yule balozi. Manowari ikamleta wapi? Hapa Dar es Salaam. Akaishi kwa hisani ya Wajerumani hadi Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakampeleka uhamishoni St Helena na Shelisheli. Mwaka 1927 akafia Mombasa.

Zanzibar nako usultani ukatulia. Khalifa bin Harub alikaa kitini kuanzia 1911 hadi 1960, kwa bendera nyekundu, bendi na mizinga ya salamu. Wapo wazee wanaomkumbuka kwa wema, na siwabishii. Ila uamuzi mzito ulitoka kwa Mwingereza.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi, ASP, kikapata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kikakosa serikali. Tarehe 10 Desemba Uingereza ikakabidhi uhuru, na ulinzi ukaisha siku hiyohiyo. Sultani alikuwa Jamshid bin Abdullah. Tarehe 12 Januari 1964, siku 33 tu baadaye, mapinduzi. Aliomba msaada, Waingereza hawakuja. Akapanda meli yake, Seyyid Khalifa, Mombasa wakamkatalia kushuka, akaja kushukia hapa kwetu. Yeye hakukaa miaka kama Khalid. Akapandishwa ndege kwenda Uingereza.

Na hapa mimi huwa nasimama kidogo. Tarehe 20 mwezi uleule wanajeshi wa Tanganyika wakaasi katika kambi ya Colito, hii tunayoiita Lugalo. Serikali ikaomba msaada, na alfajiri ya tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Kwa Jamshid hawakuja. Kwa jamhuri iliyowaaga miaka miwili tu nyuma, walikuja. Urafiki wa zaidi ya miaka 100 na nyumba ile haukuhesabiwa.

Jamshid akaishi Portsmouth miongo mingi. Omani nayo haikumpokea hadi mwaka 2020. Alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95, katika nchi ileile ambayo hukumu ya 1861 iliutenga usultani wake nayo.