Mbona sirushi fataki za mwaka mpya? Haya, leo nasema

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Jamani hili swali limenichosha, kila Januari mnanijazia, "kaka wenzio wa Ujerumani wanatuonyesha fataki, wewe unajifungia ndani, au ndo umefulia?" Sijafulia. Wala sijidai, na nikisema ukweli msianze ooh analialia.

Huku Ujerumani fataki za mwaka mpya zinauzwa siku tatu tu mwisho wa Disemba, na zile kubwa kama hujafika miaka 18 hupewi. Sasa tarehe moja asubuhi, theluji imelala, watoto wanatoka kuokota zilizogoma kulipuka. Mwaka huu niko dirishani na chai yangu namuona dogo mmoja, glavu za bluu, kainama anakipulizia kitu kitoke theluji, nikafungua dirisha nikapiga ukelele "Weee! Tupa hiyo!" Kwa Kiswahili.

Maana mimi ni mtoto wa Mikindani, pwani ya Mtwara, na habari za wavuvi wa baruti, wale wa kulipua samaki, siwaelezei, mnazijua. Ilikuwa kipupwe, kusi inapiga, maji yamekupwa, mimi na mtoto wa mama mkubwa tunatetemeka na vibukta vyetu, tukaokota kwenye mwani kimrija cha bati kinang'aa, chembamba kama kalamu, kina ncha ya utambi. Fataki ile ya kulipulia baruti, sio yule fataki wa matangazo ya redioni, mzee wa kurubuni wasichana. Tukakipuliza tukijua filimbi, hakikulia. Tulikuwa na moto wa makumbi tunachoma kwenye debe korosho tulizomuibia bibi, mwenzangu akasema tukitie humo tuone kama kitalia.

Kililia. Mpaka jioni masikio yalikuwa yanaimba tu, debe limetoboka kama chujio, na vidole viwili vya mwenzangu nilivitafuta mchangani nikidhani vinarudishika. Nyumbani tukasema ni korosho zimeruka mafuta. Babu akaliangalia debe, akauangalia mkono, akasema, "Korosho za wapi hizi zinatoboa bati?"

Sasa huyu ndugu yangu juzi juzi nilitaka aje anitembelee. Karatasi ya udhamini yuro 29, viza yuro 90 ambayo ukinyimwa hairudi, bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, hapo nauli ya basi Mtwara mpaka Dar bado. Kufika dirisha la kuombea viza, mashine inataka alama za vidole kumi. Dada wa pale akamuuliza, hivi viwili viko wapi? "Viko Mikindani." Viza walimnyima kwa mengine, eti hawana uhakika kama atarudi, mtu ana karakana yake na watoto wanne, asirudi aende wapi? Hela yangu ndo imekwenda hivyo.

Simkatazi mtu, kila mmoja na maisha yake, wewe rusha. Ila kinachonimaliza ni yeye mwenyewe, kila tarehe 31 ndo wa kwanza kwenye meseji: "Bro, fataki basi, nione."

Sirushi.